Kinga nyepesi ya VTT kwenye njia zetu mbaya: nini cha kubadilisha, nini cha kuacha



Sisi wote tunaijua kinga ya zamani, ile baiskeli nzito ya chuma yenye magurudumu ya 28, ambayo vijana wanaisukuma toka alfajiri ikiwa na magunia ya makala au ya muhogo mpaka soko za Kalemie. Lakini kuna kinga nyingine ambayo baadhi yenu mmeinunua au mmepewa: kinga nyepesi ya VTT, yaani ya milimani. Iko na gia nyingi, uma wa mbele wenye springi, na uzito wake ni kama kilo 12 au 14 tu, wakati ile nzito inapita kilo 20. Ukiipanda bila mzigo inakimbia vizuri, mpaka unafikiri umepata dawa ya barabara ya Bendera na ya Nyunzu.

Mimi nilifikiri hivyo. Mwaka mmoja, mwanzo wa mvua, nilibeba gunia mbili za mahindi ya mbegu kwenye VTT yangu, kuzipeleka kwa kikundi kimoja cha wakulima. Kwenye mtelemko, gurudumu la nyuma lilijikunja kama kofia. Mimi nilipona na michubuko. Mbegu haikupona: gunia moja lilipasuka kwenye mfereji wa maji, na mpaka tupate mbegu nyingine, majirani walikuwa wameshapalilia mara ya kwanza. Kikundi hakikunisema vibaya, lakini mavuno yao yalichelewa kwa sababu ya kinga yangu.

Kosa halikuwa la kinga. VTT nyepesi ilitengenezwa kubeba mtu mmoja, bila mzigo, apite porini kwa mwendo wa haraka. Inaweza kufanya kazi yetu ikiwa utabadilisha vitu fulani, tena kwa mpangilio, na ukubali kwamba kuna uzito ambao haitaubeba hata siku moja. Nguvu ya kinga inaanzia chini, kwenye gurudumu. Pesa ya kwanza itoke pale.

Wenzetu walianza vilevile

Hata hii VTT ilizaliwa kwa njia ya kubadilisha kinga ya zamani. Katika miaka ya 1970, vijana wa Marin County, huko California, Marekani, walichukua kinga nzito za zamani zenye mipira minene, wakawa wanashuka nazo mlima kwa mashindano. Mashindano hayo, yaliyoanza mwaka 1976, yaliitwa Repack, kwa sababu freni ya nyuma ilikuwa inapata moto mpaka grisi inaungua yote, na mtu analazimika kufungua na kujaza grisi upya. Walichofanya ni kuongeza gia ndogo za kupandia na kutafuta freni bora. Mipira minene hawakuitoa.

Mmoja wa mafundi wa wakati ule, Tom Ritchey, alifika Rwanda mwaka 2005 na kuona namna wakulima wa kahawa wanavyobeba mazao. Hakuwaletea kinga nyepesi ya mashindano. Alichora kinga ndefu, yenye nafasi ya mzigo kati ya mpandaji na gurudumu la nyuma. Kwa hiyo mtu aliyejua VTT kuliko wengi, alipoona mzigo wa mkulima, alibadilisha umbo lote. Sisi hatuwezi kubadilisha umbo, lakini tunaweza kurekebisha kile tulicho nacho.

1. Jua kwanza kinga yako ni ya chuma gani

Tafuta sumaku. Ile ya spika ya redio iliyokufa inatosha. Iguse kwenye mabomba makubwa ya kinga. Ikishika, ni chuma. Isiposhika, karibu kila mara ni aluminiyo, ndugu ya sufuria zetu.

Hii ni muhimu kwa sababu kinga ya chuma ikipasuka, fundi wa kulehemu wa kijijini anaweza kuiunga. Aluminiyo haiungwi na mashine yake ya kawaida. Hata penye mashine ya kufaa, moto unaondoa nguvu ya sehemu yote iliyo kando ya kiungo, na itavunjika tena pembeni. Kwa hiyo, kinga ya aluminiyo: hapana kulehemu kibebeo juu yake, hapana kutoboa tundu.

Kisha ioshe na uitazame juani. Angalia nyuma ya shingo ya usukani, chini ya kiti, na pale pedali zinapopita. Mstari mwembamba kwenye rangi, au rangi iliyojikunja kama ngozi ya mzee, ni dalili ya ufa. Ukiuona, kinga hiyo isibebe kitu, na mtu asiipande.

2. Gurudumu la nyuma: njo pale inavunjika

Kinga ikiwa na mzigo nyuma, sehemu kubwa ya uzito wote inakaa kwenye gurudumu la nyuma. Uzito huo hausimami juu ya janti peke yake, unashikwa na zile njiti nyembamba za chuma, ambazo mafundi wengi wanaziita reyo. Reyo moja ikilegea, jirani zake zinabeba sehemu yake. Zikianza kukatika, zinakatika moja baada ya nyingine.

Fanya hivi:

– Geuza kinga juu chini, uzipige reyo kwa kidole kama nyuzi za gita. Za upande mmoja zinatakiwa kutoa sauti zinazofanana. Inayotoa sauti ya kufa imelegea.
– Peleka kwa fundi azikaze zote na kunyoosha gurudumu. Ukisafiri na mzigo mara tatu au nne, rudi akaze tena, kwa maana reyo mpya zinalegea mwanzoni.
– Ukitengeneza gurudumu upya, omba janti yenye kuta mbili na tundu 36 badala ya 32, pamoja na habu yenye tundu 36. Kwa nyuma, tumia reyo nene za milimita 2.3 ikiwa tundu za janti na za habu zinazipokea. Reyo za kawaida ni za milimita 2.
– Angalia ekseli ya nyuma. VTT nyingi ziko na ekseli yenye tundu ndani, ile inayofunguliwa kwa mkono bila funguo. Ibadilishe na ekseli nzima ya kukazwa kwa nati. Ekseli yenye tundu inapinda haraka chini ya mzigo, hasa upande wa gia.

Ukiwa na pesa ya jambo moja tu mwaka huu, iwe hili.

3. Mpira: soma namba, usisikilize mdomo wa muuzaji

Watu wengi wamepoteza pesa hapa. Mtu anasema “nipe mpira wa 26”, anarudi nyumbani, mpira hauingii. Sababu ni kwamba kuna 26 zaidi ya moja. Kwenye ubavu wa mpira kuna namba nyingine ya tarakimu tatu, inayoonyesha upana wa janti kwa milimita, kutoka ukingo mmoja mpaka mwingine pale mpira unapokaa. Hiyo ndiyo ya kufuata:

– 559: VTT ya 26, kwa mfano 26 x 1.95
– 584: VTT ya 27.5
– 590: kinga ya mjini ya 26 x 1 3/8, haiingii kwenye VTT
– 622: VTT ya 29
– 635: kinga nzito ya 28 x 1 1/2, haiingii kwenye VTT

Andika namba ya kinga yako kwenye daftari au kwenye ukuta wa nyumba.

Chagua mpira mnene kadiri kinga inavyoruhusu, lakini ubakize nafasi ya upana wa kidole kidogo kila upande. Bila nafasi hiyo, matope ya masika yanajaa na gurudumu linagoma kuzunguka. Kati ya mpira wa nje na wa ndani, unaweza kulaza utepe uliokatwa kutoka mpira wa zamani, ncha zake zikiwa zimepunguzwa makali ili zisikwaruze. Utepe huo unazuia miiba mingi.

Upepo je? Bila kipimo, fanya hivi: pakia mzigo, tazama mpira wa nyuma. Utanuke kidogo chini, lakini usijikunje. Ukipita juu ya jiwe na kusikia janti inagonga, ongeza upepo. Mpira wa mbele uwe laini kidogo kuliko wa nyuma, ushike njia vizuri. Usipite kiasi kilichoandikwa kwenye ubavu wa mpira.

4. Freni zote mbili, au hakuna safari

Mzigo ambao umeupandisha kwa jasho unakusukuma wakati wa kushuka. Freni moja haitoshi. Angalia vile vipande vya mpira vinavyobana janti: vikilika mpaka mistari yake imepotea, badilisha. Viguse janti peke yake, maana vikigusa mpira wa nje vitaupasua. Waya yenye nyuzi zilizoanza kukatika ibadilishwe nzima, usiisubiri.

Ikiwa kinga yako iko na freni za diski, uliza kwanza kama vipande vyake vinapatikana karibu nawe. Visipopatikana, nunua jozi ya akiba mapema, au chagua kinga ya freni za janti.

Kwenye mtelemko mrefu, simama katikati, uache janti zipoe. Penye mifereji na mawe makubwa, shuka chini, usukume. Hakuna aibu ndani yake. Hata wale wenye kinga nzito wanafanya hivyo.

5. Gia: ndogo ndiyo ya kazi

Hapa VTT inaishinda kinga ya zamani. Kinga ya zamani yenye meno 44 mbele na 20 nyuma inazungusha gurudumu mara 2.2 kwa kila mzunguko wa pedali. VTT yenye meno 22 mbele na 34 nyuma inalizungusha kama mara 0.65 tu. Unakwenda polepole, lakini unapanda.

Tunza hiyo gia ndogo. Gia zile za mwendo wa haraka hutazihitaji na mzigo. Mashine ya kubadilisha gia ikifa na hakuna ya kununua, fundi anaweza kufupisha mnyororo uishie kwenye gia moja ya katikati. Utapoteza mbio, lakini kazi itaendelea. Usikanyage kwa nguvu wakati wa kubadilisha gia, njo pale mnyororo unakatika.

6. Uma wa mbele na usukani

Springi ya bei ndogo inapendeza macho. Baada ya muda inajaa mchanga, inacheza kushoto na kulia, na usukani unakosa uhakika. Shika freni ya mbele, sukuma kinga mbele na nyuma: uma ukicheza, ubadilishe na uma mgumu wa chuma. Chukua ule unaolingana kwa urefu na wa zamani. Uma mfupi unashusha kinga mbele, usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi, na pedali zinagonga mawe.

Usukani mpana unasaidia kutawala mzigo. Ukiwa mwembamba, badilisha siku pesa ikipatikana. Si jambo la kwanza.

7. Kibebeo: mguu wake usimame kwenye ekseli

Vibebeo vingi vinavyouzwa vimeshikwa na skurubu ndogo mbili. Skurubu hizo zinakatika, kibebeo kinaangukia gurudumu, na mtu anarushwa. Omba fundi atengeneze kibebeo cha nondo ya milimita 10, chenye miguu inayoshuka mpaka kwenye ekseli na kukazwa kwa nati. Ndiyo sababu nyingine ya kutafuta ekseli nzima, tena ndefu kidogo. Sehemu ya juu ifungwe chini ya kiti kwa ukanda wa chuma, na kati ya ukanda na bomba uweke kipande cha mpira wa ndani wa zamani, ili aluminiyo isikwaruzwe.

Mzigo ukae chini na karibu. Mifuko miwili iliyoning’inia pembeni, yenye uzito sawa, ni bora kuliko gunia moja lililosimama juu. Hakikisha kamba hazifiki kwenye reyo. Gunia likipita nyuma ya ekseli, mbele inakuwa nyepesi na usukani hautakusikia.

8. Mzigo kiasi gani?

Hapa tuseme ukweli. Kinga zilizotengenezwa makusudi kwa vijiji vya Afrika zina mipaka pia. Buffalo, ya shirika la World Bicycle Relief, ni ya chuma, nzito, na kibebeo chake kinaruhusiwa kilo 100. VTT nyepesi haiwezi kulingana nayo.

Ushauri wetu ni huu: VTT ya aluminiyo iliyorekebishwa gurudumu, freni na kibebeo ibebe kilo 30 mpaka 40 kwenye njia mbaya. Ya chuma yenye janti nzuri inaweza kufika kilo 50. Mpandaji akiwa mzito, punguza mzigo. Na kufunga fimbo kwenye usukani ili kusukuma magunia matatu, kama wafanyavyo wenzetu wa kinga nzito, kusifanyike kwenye VTT.

Basi VTT ni ya nini? Ni ya mbegu na dawa za shamba, mboga, mayai, samaki wakavu, muhogo mkavu kidogo kidogo, na ya mtu anayefuatilia mashamba ya mbali. Ni ya safari nyingi za mzigo mdogo. Gunia kubwa za makala ziacheni kwa kinga nzito.

9. Maji, mchanga na mawese

Mawese yetu ni mazuri kwenye sombe. Kwenye mnyororo ni mabaya: yanaganda na kukusanya mchanga, na mchanga unakula meno ya gia kama tupa. Tumia matone machache ya mafuta ya injini, zungusha pedali, kisha pangusa kwa kitambaa mpaka nje paonekane pakavu. Mafuta yanayofanya kazi ni yale yaliyobaki ndani.

Ukivuka mto na maji yakifika katikati ya gurudumu, maji yameingia kwenye golori. Fundi afungue habu, asafishe na kuweka grisi mpya. Bila mto, fanya hivyo mara moja kila mvua zinapokwisha.

10. Kinga ya koperative ina sanduku lake

Kinga ya wote mara nyingi inakufa kwa sababu kila mtu anaipanda na hakuna anayeikaza. Mlio na AVEC mnajua tayari namna ya kushika pesa ya pamoja. Fungueni mfuko mdogo wa kinga. Mfano tu: ikiwa safari moja inalipwa franga 5 000, franga 500 ziingie mfukoni. Safari 30 zinatoa franga 15 000. Linganisheni kiasi hicho na bei ya mpira, reyo na freni kwenye soko lenu. Kisipotosha, ongezeni kabla kinga haijaharibika.

Chagueni mtu mmoja, mama au baba, wa kushika daftari: nani amechukua, kilo ngapi, imerudi namna gani. Huyo awe na haki ya kukatalia mtu kinga, hata mwenyekiti.

Kabla ya kutoka, dakika mbili

– Reyo: piga kwa kidole, hakuna iliyolegea.
– Mipira: haina mipasuko, upepo unatosha.
– Freni: bana zote mbili, sukuma kinga, isiende.
– Nati za ekseli na za kibebeo: zimekazwa.
– Kamba: mbali na reyo.
– Mfukoni: pampu, viraka, gundi, funguo ya nati.

Kwenye mkutano ujao, leteni VTT zote mlizo nazo, na sumaku moja. Zigeuzeni juu chini, mzipime pamoja, na muandike kila moja: ya chuma au ya aluminiyo, namba ya mpira, mzigo inaoruhusiwa. Andikeni mzigo huo kwa rangi kwenye kibebeo chenyewe. Mimi ningekuwa nimeusoma siku ile, ningebeba gunia moja, na kurudi kesho yake kwa la pili.